Dokta, kwani hamna gundi ya kubandika taya?

Wasomaji wangu, salaam. Mwezi huu nilipanga tumalizie yale ya vidonda vya mdomoni, ila meseji zilizoingia karibu nusu ni gundi, gundi, gundi, na chanzo nakijua, ni ile video ya gundi ya mifupa ya Wachina inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mpaka shangazi yangu mwenyewe kanitumia mara mbili na kuuliza mbona sisi hatuna. Basi vidonda vitasubiri. Barua nimezikata kidogo na majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo Dokta. Mdogo wangu ni dereva bodaboda, wiki iliyopita kagongana na bajaji huku Mbagala, taya la chini limevunjika sehemu mbili, kushoto karibu na gego la mwisho na mbele karibu na kidevu. Hospitali wamemfunga meno kwa waya, wanasema wiki ijayo ni oparesheni, anawekewa pleti za chuma na skrubu. Mi nimeona China wana gundi ya mifupa, dakika tatu mfupa umeshika, hamna skrubu wala nini. Kwa nini tusitafutiwe hiyo? Au hospitali zetu zinapenda tu kukata watu? (Kaka wa majeruhi, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, mpe pole na yeye.

Video yenyewe sio ya uzushi. Septemba 2025 madaktari wa jimbo la Zhejiang walitangaza gundi waliyoiita Bone-02, wakasema wazo walilipata kwa chaza, inashika ndani ya dakika 2 mpaka 3 hata mahali penye damu, na kwamba wameshaijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 150. Kama umekulia pwani hili la chaza halikushangazi, yule akishajibana kwenye mzizi wa mkoko humtoi kwa kucha, unatafuta panga, na kajishika humo humo kwenye maji ya chumvi na tope bila kusubiri pakauke. Kwa hiyo wenzetu wamefikiria vizuri, sina neno nao.

Neno langu ni kwenye taya la mdogo wako. Kikombe kikivunjika ukakigundisha, ile gundi ndo kiungo, leo kesho na milele, siku ikiachia kikombe kimeachia. Mfupa hauko hivyo. Ukivunjika damu inajaa kwenye ufa inaganda, ndani ya ile damu vinaingia vijishipa na chembe za kujenga, inatokea kitu laini kama gegedu, kinakomaa, kinakuwa mfupa, yaani unajiunga wenyewe, daktari hajaunga kitu. Sisi tunachofanya ni kurudisha vipande mahali pake na kuvituliza visicheze mpaka kazi iishe, ambayo kwa taya la mtu mzima ni kama wiki 4 mpaka 6. Sasa wewe ukienda ukamimina gundi katikati ya ufa, na gundi yenyewe ni ile isiyoyeyuka upesi, umefanya kama fundi aliyeacha mfuko wa nailoni kati ya tofali na tofali. Ukuta utauona umesimama, ila hamna kilichoshikana. Ndo maana hawa wanaotengeneza gundi mpya wanahangaika sana ziwe za kuyeyuka pole pole mwili uchukue nafasi yake, na hata hiyo ya Zhejiang wanaisifia kwa hilo.

La pili ni nguvu, na hapa nikupe kisa. Nikiwa bado mwanafunzi, sisi wanne tulinunua vichwa viwili vya mbuzi buchani, tukachemsha kidogo, tukatoa nyama, tukavunja mataya kwa nyundo tukajaribu kuyabandika na supagluu ya dukani. Taya la kwanza tulilianika juani kutwa nzima, likabandika vizuri mno, tukashangilia, mmoja akaanza kusema tutakuwa matajiri. La pili tulilibandika likiwa bichi, lina unyevu na mafuta mafuta yake, tulipolinyanyua tu likaanguka mezani. Afu lile kavu tulilolisifia, mwenzetu akashika upande wa nyuma, kwa kidole gumba akabonyeza meno ya mbele kuelekea chini, kidogo tu, kama mtu anayeng'ata andazi. Ufa ukafunguka kuanzia juu, upande wa meno, kaa! likaachia lote kwa mpigo.

Chukua muhogo mbichi ukunje utaelewa. Juu panafunguka, chini panabanana. Taya nalo kila ukitafuna linakunjwa hivyo hivyo, na gundi nyingi, hasa hii supagluu, ukizivuta moja kwa moja zina nguvu ya ajabu lakini ukizibandua kuanzia pembeni au ukizigonga zinakatika kama kioo. Pleti inakubali kukunjwa kidogo isikatike. Na tukishajua panafunguka juu tunaiweka huko huko kwenye mvuto, ndo ikawa siri ya vile vipleti vidogo walivyoanza navyo Wafaransa, Michelet wa Bordeaux mwaka 1973 na Champy wa Strasbourg mwaka 1978, kipande cha kama milimita 1 unene kinafanya kazi iliyokuwa inafanywa na vyuma vikubwa vilivyotaka uso uchanwe kutokea nje.

Na hapo ndo nikujibu kuhusu kupenda kukata watu. Pleti nyingi za taya tunaziingizia ndani ya mdomo, kati ya shavu na ufizi, ukimwangalia mtu usoni huoni hata mstari, labda kwa lile gego la nyuma watoboe kitundu kidogo shavuni cha kupitisha skrubu. Hiyo gundi unayoitaka nayo isingeruka yenyewe ikaingia, lazima wafungue, warudishe vipande, wahakikishe meno yanakutana, ndo waweke.

Halafu kuna mate. Taya likivunjika kwenye mstari wa meno ujue ufizi umechanika, ule ufa tayari unapumua mdomoni, na mdomo una bakteria wengi kuliko stendi ya mabasi. Kitu kigeni chochote kikilegea pale kinakaribisha usaha. Skrubu ikilegea tunaifungua, dakika kumi. Gundi iliyojichanganya na mfupa utaifungua na nini?

Kwa hiyo ile wiki anayosubiri, shughulikeni na haya ambayo ni ya kweli. Kama meno yamefungwa kabisa juu na chini, awe na mkasi wa kukatia waya au plaizi ndogo karibu na mto usiku na mchana, na wewe ujue ni waya zipi za kukata, muulize nesi akuonyeshe kwa kidole, maana akitapika huku mdomo umefungwa hamtakuwa na muda wa kupiga simu. Pombe asiguse hata tone kwa sababu hiyo hiyo. Uji upite kwa mrija pembeni, sio uji wa maji, weka maziwa, karanga zilizosagwa laini, mchuzi wa samaki uliochujwa, mwanaume wa kazi anaweza kupungua kilo nyingi kwa wiki chache. Apige mswaki mdogo wa mtoto kwa nje na asukutue na maji ya chumvi kila akila. Na akikwambia mdomo wa chini umekufa ganzi upande mmoja msitishike sana, ni ule mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya umebanwa, wengi unarudi taratibu, ila daktari aandike kwenye faili KABLA ya oparesheni ili kesho isije kuwa ugomvi.

SWALI: Dokta, mimi ni tabibu huku mkoani. Toleo lililopita uliandika kwa kejeli kidogo kwamba gundi ni ya viatu. Mbona nimesoma kuna wenzetu wanatumia gundi kwenye mifupa ya uso na watu wanapona? (Tabibu, Kigoma)

JIBU: Kejeli naifuta, umenibana kihalali.

Uso una mifupa ya aina mbili ukiiangalia kwa jicho la fundi. Kuna nguzo, na kuna kuta. Nguzo ndo zinabeba kutafuna, taya la chini lote, na zile zinazopanda pembeni ya pua na kwenye shavu. Kuta ni vile vigamba kati ya nguzo, ukuta wa mbele wa uwazi wa paji la uso, sakafu ya jicho, vingine vyembamba chini ya milimita 1, ukiviweka kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Mtu akigonga paji la uso kwenye dashibodi, ule ukuta wa mbele unavunjika vipande kama ganda la yai la kuchemsha, sita, saba, kimoja kama kucha ya kidole cha mwisho. Kukitoboa skrubu kipande kama hicho ni kukimaliza. Hapo ndo wapo madaktari wanaovipanga mezani pembeni, wanavikausha, wanaweka vitone vya gundi juu ya viungo, narudia, juu yake kwa nje kama daraja, sio ndani ya ufa, kisha wanaurudisha mkeka mzima mahali pake. Hamna kinachouvuta pale, haukunjwi na chochote, unasubiri tu upone.

Gundi zenyewe ni familia mbili. Ya kwanza ndugu wa supagluu, sayanoakrileti. Hii ina historia ya kuchekesha, mwaka 1942 Harry Coover wa kampuni ya Kodak alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, hiki kitu kikawa kinanata kwenye kila chombo, wakakitupa. Mwaka 1951 wakakirudia, 1958 kikaingia sokoni. Vita ya Vietnam ikaja, madaktari wa Marekani wakawa wanakipuliza kwenye majeraha kuzuia damu mpaka majeruhi afike hospitali. Inachokitaka ili kigande ni unyevu kidogo tu, ndo maana kidole kinanasa kabla hujamaliza kusema samahani. Tatizo ni kwamba ile ya dukani ina molekuli fupi, ikivunjika mwilini inavunjika haraka na inatoa fomaldehaidi, ile dawa ya kuhifadhia maiti, na wakati inaganda inatoa joto. Za hospitali zimerefushwa mkia wa molekuli, butili na oktili, zinavunjika taratibu mwili unastahimili.

Ya pili ni ya faibrini, hii ni mwili wenyewe umeigwa. Sindano mbili zimeungwa pua moja, upande mmoja protini ya kugandisha damu, mwingine kiamshi chake, vikikutana inakuwa kama utando wa damu iliyoganda bila wekundu. Nguvu yake ndogo, haishikilii taya wala shavu, lakini kwa kutuliza unga wa mfupa usitawanyike, kulaza kipande cha gegedu kwenye pua, au kuziba pale ambapo msingi wa fuvu umepasuka na maji ya ubongo yanachuruzika puani, inasaidia sana. Wewe tabibu hilo la maji ya puani lishike: mgonjwa wa ajali ya uso anayetokwa maji mepesi upande mmoja hasa akiinama, usimwandikie dawa ya mafua, na usimpitishie mpira wowote puani.

Na kuna mnyoo mmoja wa baharini huko California anajijengea nyumba kwa kubandika chembe za mchanga moja moja chini ya maji. Russell Stewart wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake wamekaa miaka wakiiga gundi yake, na shabaha waliyoisema tangu mwanzo ni hivi vipande vidogo visivyoshikika kwa skrubu, ikiwemo vya uso na fuvu. Mi huyo mnyoo ndo namtegemea kuliko chaza, kazi yake inafanana zaidi na yetu, kupanga vipande vidogo vidogo kwenye maji bila kuvikausha.

Ila tusisahau tulipotoka. Mwaka 1958 huko Philadelphia, Mandarino na Salvatore walitoka na povu la poliuretini, aina ya plastiki, la kujazia mifupa iliyovunjika, liliitwa Ostamer, watu wakashangilia kama sasa hivi wanavyoshangilia video. Baadaye wagonjwa wakaanza kurudi na usaha na mifupa ambayo haijaunga, likaachwa. Mfupa unapima kwa miezi na miaka, wagonjwa 150 ni mwanzo mzuri, ni mwanzo.

SWALI: Assalaam alaykum Dokta. Tunaishi Muscat. Mwanangu wa miaka 5 kaanguka ngazini, kapasuka kwenye nyusi, tukamkimbiza hospitali, nesi kaosha, kabana ngozi, kapaka gundi, basi, tumerudi nyumbani. Hamna mshono hata mmoja. Bibi yake Unguja anasema tumeibiwa. (Mama yake mtoto)

JIBU: Wa alaykum salaam mama. Bibi mwambie hamjaibiwa, mjukuu kaepuka sindano ya ganzi na kushikwa na watu watatu.

Kwenye ngozi gundi imeshahalalika zamani, ile ya oktili Marekani waliiruhusu mwaka 1998, na kwa jeraha lililonyooka, fupi, safi, lisilovutwa, kovu lake linatoka sawa tu na la mshono. Inapakwa juu ya ngozi iliyobanwa ikakutana, haimwagwi ndani ya kidonda. Itabanduka yenyewe kati ya siku 5 na 10, msiikwangue. Usimpake Vaseline wala mafuta ya nazi wala dawa yoyote ya mafuta pale juu, inalainika inaachia kabla ya wakati, najua bibi atataka kupaka. Maji ya kuoga ya haraka sio mbaya, kuloweka ndo hapana.

Mimi nisingeulizia gundi, ningeulizia mfupa ulio chini yake. Mpitishie kidole taratibu kuzunguka ukingo wa jicho, nyusi, pembeni, chini, kama kuna mahali pana ngazi au anaruka ukigusa, au anaona vitu viwili viwili, rudi.

SWALI: Dokta samahani, mume wangu alidondoka na pikipiki jino la mbele likatoka zima zima na mzizi wake, akaliosha kwa sabuni akalisugua, akalibandika na supagluu. Limeshika siku nne sasa ufizi umevimba. Tena mwaka jana alibandika hivyo hivyo meno bandia ya mama yake. (Mke wa fundi, Mombasa)

JIBU: Huyu mzee ana moyo. Ampeleke mtu kwa daktari wa meno leo, namaanisha yeye mwenyewe, jino hilo na gundi yake vitoke kabla usaha haujaingia kwenye mfupa, na aulizwe kama kachomwa sindano ya pepopunda.

Kwa wengine wote mnaosoma, kateni hiki kipande mbandike kwenye friji. Jino la ukubwani likitoka zima, lishikwe upande wa kutafunia, mzizi usiguswe. Likiwa na mchanga lisuuzwe kidogo tu kwa maziwa au maji, sekunde chache, bila kusugua, kwa sababu ule utando mwembamba juu ya mzizi ndo unaolishikisha tena na ukiutoa kwa sabuni umelimaliza. Lirudishwe tunduni hapo hapo, ang'ate kitambaa safi, twende hospitali. Kama haiwezekani litumbukizwe kwenye maziwa baridi, sio kwenye tishu mfukoni likauke. Ndani ya nusu saa una bahati kubwa, saa nzima imepita bahati inaanza kuisha. Jino la utoto halirudishwi.

Cha kuchekesha ni kwamba hospitali nao watalibandika! Wanachukua waya laini, wanaupitisha kwenye jino lile na majirani zake, wanaugundisha kwa kompoziti, ile ya kuzibia meno, kwenye enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, unakaa wiki 2 hivi. Enameli inapakwa asidi kidogo kwanza ipate vitundu vidogo gundi izame, hiyo aliigundua Buonocore mwaka 1955 na mpaka leo ndo inashikilia vyuma vya kunyooshea meno ya wanafunzi. Enameli ni kavu, ngumu, haina damu wala haijiungi yenyewe, hapo gundi imekutana na mwenzake.

Meno ya mama mkwe apelekewe fundi wa maabara ya meno, yaunganishwe kwa akriliki, ile plastiki ya meno bandia. Supagluu inaacha ukingo, ukingo unakwaruza ufizi, na akivaa siku vipande vimehama hata nusu milimita kila kitu kitakaa upande.

SWALI: Dokta, kijana wangu wa miaka 9 kapigwa kiwiko na mwenzie kwenye mpira, jicho halijavimba sana wala sio jekundu ila akiangalia juu anaona viwili, anatapika, analala lala. Jirani kasema sakafu ya jicho hubandikwa. (Mama, Tanga)

JIBU: Huyu mama nilimpigia simu saa ile ile nilipoisoma, sikusubiri gazeti. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine. Mifupa ya mtoto inakunjika kama kijiti kibichi, sakafu ya jicho inafunguka kama mlango wa stoo, msuli unaingia, mlango unarudi unaubana. Nje unaona jicho jeupe tu, zuri, ndani msuli unakufa kwa kukosa damu. Kutapika na mapigo ya moyo kushuka vinatoka huko, watu wanadhani ni kichwa tu. Hii inataka oparesheni ya haraka, siku hiyo au ya pili, msuli utolewe, na sakafu ikihitaji itandikwe kitu juu yake, chini ya jicho. Kubandika hamna, utabandika nini na nini, kingo zake ni nyembamba kama karatasi mbili ukiziunganisha kwa makali yake. Na mtu yeyote aliyevunjika mfupa wa shavu au wa jicho asipenge kamasi, hewa inaingia jichoni linavimba kama puto.

SWALI: Mimi ni Shahidi wa Yehova. Nikiwekewa hiyo ya faibrini nitakuwa nimewekewa damu? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ndugu yangu, nyingi zimetengenezwa kwa plazma, yale maji maji ya damu, ya watu waliochangia damu, imepimwa na kusafishwa dhidi ya virusi, hilo lazima ulijue. Haina chembe nyekundu, ni protini zilizochujwa, na kwa ninavyowasikia wenzako suala la sehemu ndogo za damu kila mmoja anaachiwa dhamiri yake. Sio kazi yangu kukuamulia. Mwambie daktari wa upasuaji kwa mdomo na kwa maandishi siku ya kusaini fomu, sio ukiwa umeshalala mezani na mtu wa nusukaputi keshafika. Kwa mifupa ya uso karibu kila mara kuna njia nyingine.

SWALI: Nina pleti 3 za shavu tangu mwaka juzi. Zitatolewa lini na je nikipita uwanja wa ndege zitalia? Nasafiri kwenda Doha kikazi. (Kijana wa Temeke)

JIBU: Zikiwa kimya haziguswi, titani, ile metali ya pleti zako, inaelewana na mfupa, tunazitoa zikilegea, zikileta usaha, zikikusumbua ukizigusa au kama mwenyewe ni mtoto bado anakua. Uwanja wa ndege vipleti vya uso kwa kawaida haviamshi ile mashine, ni vidogo na havina sumaku. Tembea na nakala ya eksirei kwenye simu kama una wasiwasi. Mkanda ndo ukumbuke kuvua.